Nilimwambia mdogo wangu "sina", na pesa nilikuwa nazo

Barua

Shikamoo Mama,

Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 43, nimeolewa, nina watoto watatu, na nimeokoka tangu nikiwa msichana. Kanisani naimba kwaya na kufundisha shule ya Jumapili. Nakutajia haya ili ujue anayekuandikia si mgeni wa Neno, maana jambo lenyewe hata mimi linanishangaza.

Nilipokuwa na miaka 11 baba alifariki ghafla. Hakuacha akiba, aliacha madeni. Nakumbuka siku watu wawili walipokuja kuchukua kabati la mama. Aliwaomba wasubiri kidogo, akatoa nguo zetu moja moja, akazipanga kitandani zikiwa zimekunjwa vizuri, utadhani tunahama. Wakabeba kabati. Ukutani pakabaki alama yake, pale ambapo rangi ilikuwa haijapauka, na kwa miaka yote tuliyoendelea kukaa katika chumba kile nililala nikiitazama. Nikajiapiza kwamba mimi hayatanikuta.

Nilipopata kazi nikaanza kuweka akiba. Sikuona ubaya, na hata leo sijui kama upo. Miaka minane iliyopita nilifungua akaunti ambayo mume wangu haijui. Mume wangu ni mtu mwema, Mama. Hanywi, hajawahi kuniinulia mkono, mshahara wake naujua wote. Nilimficha kwa nini, siwezi kukupa sababu yenye kichwa na miguu. Nadhani niliogopa kwamba akiijua tutaipangia matumizi.

Nina daftari dogo. Ukurasa wa kwanza niliandika kiasi cha kututosha miezi mitatu endapo kazi zote mbili zitakatika. Nilipokifikisha nilikipiga mstari, nikaandika cha miezi sita. Nikakifikisha, nikakipiga mstari, nikaandika cha mwaka mzima. Sasa nakimbizana na cha miaka miwili. Kila nilipokaribia nilidhani nikifika tu nitalala usingizi. Badala yake naamka saa tisa usiku, najifunika shuka mpaka kichwani ili mwanga wa simu usimwamshe baba watoto, naangalia salio. Halijabadilika, litabadilikaje usiku ule? Lakini nisipoliangalia usingizi haurudi.

Mwaka jana alinipigia simu mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Mtoto wake alitakiwa kufanyiwa upasuaji haraka. "Dada, kama una chochote." Kiasi alichotaja nilikuwa nacho, tena mara nyingi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sina, lakini nitakuombea." Na kweli niliomba, Mama, nilifunga siku tatu. Mtoto akapasuliwa, akapona. Baadaye ndipo nikajua pesa ilipatikana wapi. Mdogo wangu ni fundi wa kushona, na aliuza cherehani yake. Siku hizi anashonea kwenye cherehani ya mtu, wanagawana kinachopatikana. Mtoto alipotoka hospitali walikuja kutusalimia. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Dada, asante kwa maombi, Mungu alisikia." Nikaitikia, "Amina."

Tangu siku hiyo sina raha. Nilimgusia dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi, juu juu tu, akaniambia mtu wa imani haweki akiba, akanipa mfano wa George Müller aliyelea yatima kwa maombi. Halafu mhubiri mmoja aliyealikwa kwenye semina akasema wenye pesa zilizolala benki wazilete zote madhabahuni kama mbegu, Mungu awafungulie milango. Nilitetemeka, nikaona ananisema mimi. Nusura nizitoe zote. Nikashindwa, na mpaka leo sijui kama kilichonizuia kilikuwa hekima au mungu mwingine.

Naomba uniambie ukweli. Kuweka akiba ni kukosa imani? Nizitoe zote? Na je, nikimpelekea mdogo wangu pesa ya cherehani kwa siri, asijue imetoka kwa nani, itatosha?

Ni mimi,
Mwenye Daftari

Jibu

Mwanangu, marahaba. Asifiwe milele.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kwenye alama ya kabati. Nitaparudia. Kwanza nikutue mzigo usio wako.

Kuweka akiba si dhambi. Paulo anawaandikia Wakorintho, waraka wa pili sura ya 12, kwamba haiwapasi watoto kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kuwawekea watoto, na analisema kama jambo ambalo halina mbishi. Yusufu naye alitenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri miaka saba mfululizo, na wazo hilo lilitokana na ndoto ambayo Mungu mwenyewe alimfunulia maana yake. Ila fuatilia Mwanzo sura ya 41 hadi mwisho. Njaa ilipoenea, Yusufu akazifungua ghala. Aliuza nafaka, sawa, hakugawa bure, lakini alizifungua. Ghala zile zilijengwa zikiwa na siku yake ya kufunguliwa. Yako nimeitafuta siku hiyo katika barua nzima, sijaiona. Miezi mitatu ilipofika haikuwa siku yenyewe, wala sita, wala mwaka, wala mtoto wa mdogo wako alipolala kitandani akisubiri kisu.

Dada wa maombi angekuwa karibu yangu ningemsomea habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, Kutoka 16. Ile sehemu ya kwanza huhubiriwa sana: waliosaza mpaka asubuhi walikuta imeingia mabuu na kunuka. Watu wengi hufunga Biblia hapo. Wakiendelea mistari michache wangeona kwamba siku ya sita waliambiwa wakusanye maradufu na kuiweka mpaka kesho yake, kwa ajili ya Sabato, na haikunuka wala kuingia mdudu. Tena ikawekwa pishi nzima katika chombo, ivionyeshe vizazi vijavyo. Mana ni ile ile, na mikono iliyoiokota ni ile ile. Iliyooza ni ile iliyofichwa na watu walioahidiwa ya kesho, wakaona afadhali wajihami.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama hiyo unayoitunza inanuka. Na umeshanijibu. Kinachonuka hakiko benki, kiko kwenye lile neno "sina".

Unamkumbuka Anania na mkewe Safira, Matendo sura ya 5? Usishtuke, sikutishi kwa kifo chao. Nataka usikie alichosema Petro: kiwanja kilipokuwa kwako hakikuwa mali yako? Na kilipouzwa, fedha haikuwa katika uwezo wako? Petro hakuwalaumu kwa kubakiza. Wangeweza kubakiza nusu, wangeweza kutouza kabisa. Walisema hiki ndicho chote, nacho hakikuwa chote. Na wewe, kama ungemwambia mdogo wako, "Ninazo, lakini naogopa kuzigusa," leo tungekuwa tunazungumza habari za woga tu. Ungekuwa umemuumiza, lakini mngekuwa na mahali pa kuanzia.

Sasa nikuambie ninachokiona, na univumilie. Yesu aliposema hatuwezi kumtumikia Mungu na mali, neno alilotumia ni la Kiaramu, mamona, na waandishi wa Injili wakaliacha hivyo hivyo katika Kigiriki chao, kana kwamba ni jina la bwana fulani mwenye watumishi. Zamani niliona ni chumvi kidogo. Pesa ni karatasi, inaagizaje? Halafu nasoma barua kama yako. Saa tisa usiku bwana huyo anakuita, unaamka. Anataka ujifunike shuka, unajifunika. Mdogo wako anapiga simu, anakuambia sema huna, unasema, tena kwa sauti ya upole na ahadi ya maombi juu yake. Miaka minane mumeo analala pembeni yako, na bwana huyo anakuambia funga mdomo, umefunga. Hapo mwenye akaunti ni nani?

Sijioni bora kuliko wewe. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kanisa kwa miaka sita. Tulikuwa na mfuko wa dharura, na mimi niliulinda kama mboni ya jicho. Siku moja akaja mama mjane, kodi imempita, mwenye nyumba amemtolea vyombo nje. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba fedha zile ni za dharura. Akanitazama, akaniuliza, "Na yangu mimi inaitwaje?" Nilikuwa na jibu la kikatiba, ukurasa na kifungu. Sikulitoa.

Mithali 18 ina mistari miwili iliyopangwa jirani, wa 10 na wa 11. Wa kwanza unasema jina la BWANA ni ngome imara, mwenye haki huikimbilia akawa salama. Wa pili unasema mali ya tajiri ni mji wake wenye nguvu, na kama ukuta mrefu "katika mawazo yake mwenyewe". Maneno manne hayo ya mwisho ndiyo daftari lako. Ukuta upo, ni mrefu kweli, ila umejengwa kichwani, na ndiyo maana kila ukimaliza kuujenga unauona mfupi. Ukifika miaka miwili utaandika mitano. Hujaniuliza, lakini najua.

Turudi kwenye kabati. Mtoto wa miaka 11 aliyeona mama yake akitoa nguo moja moja mbele ya wageni hakukosea kuogopa. Ningekuwa mimi ningeogopa hivyo hivyo. Lakini angalia ulijiapiza kwa nani: kwako mwenyewe. Tangu siku ile umekuwa mlinzi wa nyumba nzima, peke yako, bila zamu ya kupokelewa. Watu watakuambia, "Mtumaini Mungu, hayatakupata tena." Mimi sitakuambia hivyo kwa sababu sikuandikiwa. Waebrania 13 mstari wa 5 tunaupenda sote, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Lakini rudi nyuma kidogo, sura ya 10, mstari wa 34, uone waliokuwa wakiandikiwa ni akina nani. Ni watu waliokuwa wamenyang'anywa mali zao! Kwa maneno yenu, makabati yalishabebwa. Mwandishi hawaambii yatarudi, wala hawaambii hayatabebwa mengine. Anawaambia nani hataondoka makabati yakiondoka. Usalama wa Mkristo uko hapo, na nakiri ni mgumu kuushika, maana hauna salio la kuangalia usiku.

Kwa hiyo nina kazi ya kukupa. Geuza daftari lako, anza ukurasa wa mwisho. Andika majina ya waliokulisha, waliokuvisha, waliokulipia ada, waliokupa pa kulala, kuanzia siku kabati lilipotoka mpaka siku ulipopokea mshahara wa kwanza. Hukuniandikia hata mmoja, umeruka kutoka ukutani mpaka kazini, na mtoto wa miaka 11 hafiki kazini kwa kutazama ukuta. Andika wote. Usiwe na haraka. Nina hakika baadhi yao walikuwa na kidogo kuliko ulichonacho wewe.

Kuhusu yule mhubiri, nasema kwa kifupi kwa sababu mada hii hunipandisha presha. Usimpe. Kumwaga akiba yote madhabahuni ili Mungu akufungulie milango ni woga ule ule uliobadilishiwa benki, unaweka mahali pengine ukisubiri faida. Na wanaopenda kututolea mfano wa mjane aliyetoa senti zake mbili zote, Marko 12, waanze kusoma mstari wa 40, kabla tu ya mjane huyo kuingia, ambapo Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane kwa kisingizio cha sala ndefu.

Na Müller, mtu wa Mungu kweli, alifariki Bristol, Uingereza, mwaka 1898 baada ya kulea yatima zaidi ya 10,000, na hakwenda kugonga mlango wa mtu kuomba pesa. Ila wanaomsimulia husahau nusu ya pili: hakutaka kukopa, na kila mwaka alichapisha taarifa ya kilichoingia na kilichotoka, kila mtu aisome. Mtu wa imani mkubwa namna ile, na hesabu zake zote ziko mezani. Hilo ndilo ningependa umuige.

Meza ya kuanzia ni ya mumeo. Kuna wanawake wanaonisoma sasa hivi ambao wana pesa ya siri kwa sababu nyumbani kuna ulevi au ngumi, na kwao neno langu ni tofauti: itunzeni, na mtafute msaada. Wewe umeniambia una mume mwema. Basi mtafutie saa nzuri, watoto wamelala, wala si usiku wa manane mkiwa kitandani. Mpe daftari mkononi. Anza na kuomba msamaha, habari za baba yako zije baadaye, kwa sababu ukianza nazo ataona umekuja na utetezi. Na ujiandae. Kitakachomuuma pengine si kiasi. Itakuwa hesabu ya mara ngapi usiku umeamka, ukaogopa, naye yupo pembeni, ukachagua simu. Mwache aumie kwa muda wake.

Akishatulia, kaeni mpange kiwango pamoja. Miezi mitatu, sita, mtakavyoona inafaa kazi zenu na watoto wenu. Kiandikeni kwa mwandiko wake, tarehe, na sahihi zenu wawili. Kinachozidi hapo kipewe kazi: ada, wazazi, sadaka, mtu aliyekwama. Salio muwe mnaliangalia pamoja mara moja kwa mwezi, mchana. Simu ilale sebuleni. Usiku wa kwanza utakuwa mbaya na sitakudanganya, na ukiamka saa tisa, muamshe baba watoto umwambie tu, "Naogopa," kisha muombe pamoja. Kama baada ya muda usingizi bado haurudi na moyo unakwenda mbio, nenda ukamwone daktari au mshauri wa mambo ya nafsi. Msiba wa utotoni unatibika kama vidonda vingine, na kwenda huko si kumwonea Mungu mashaka.

Limebaki swali lako la mwisho, na ndilo ulilolificha mwishoni kabisa kwa sababu ndilo unalotaka nikukubalie. Kumpelekea mdogo wako pesa ya cherehani kwa siri. Hapana, mwanangu. Ninajua Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, lakini hapo alikuwa anazungumza na watu wanaotafuta sifa kwa sadaka zao, na hii si sadaka. Nenda na mumeo, au nenda peke yako yeye akijua. Usitume kwa simu. Mkute mdogo wako kwenye kazi yake, kwenye hiyo cherehani ya kugawana, umsubiri amalize mshono alioushika. Umwambie siku ile ulikuwa nazo. Uache akasirike kama atakasirika. Halafu ndipo utoe bahasha, na usiiite msaada.

Ukiituma bila jina atapiga magoti amshukuru Mungu kwa mtu asiyemjua, na kwa jinsi alivyo, wa kwanza kupigiwa simu akisimuliwa muujiza huo utakuwa wewe. Na wewe, kwenye simu, utaitikia tena, "Amina."